Mfarishi wa bluu tupu: shajara ya kuchagua vitambaa na mpangilio

Lengo na vipimo

Mradi ni mfarishi mmoja wa viraka kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, wa rangi moja tu: bluu, kuanzia samawati iliyopauka hadi bluu inayokaribia weusi. Kipimo cha mwisho ni sm 204 kwa sm 234. Hapo unashuka sm 26 kila ubavu wa kitanda, na kwa urefu unabaki wa kutosha kufunika mito.

Rangi moja inadai uangalifu kuliko rangi nyingi. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja, jicho huzitenganisha hata kama zimekoza sawasawa. Ukiiondoa tofauti hiyo, umbo linachorwa na kukoza na kupauka peke yake. Kwa hiyo utaratibu wa kazi hii umegeuzwa: kwanza vitambaa vipangwe madaraja ya ukolevu, ndipo mpangilio wa viraka uchaguliwe kulingana na madaraja yaliyopatikana. Anayechora mpangilio kwanza hulazimika kutafuta dukani daraja ambalo pengine halipo, kisha hujaza pengo kwa kitambaa cha karibu, na umbo lote linazama.

Bluu imechaguliwa kwa kuwa madukani ipo ya kila kiasi, kutoka poplini ya mashati ya shule hadi kaniki. Ina historia pia. Marekani ya karne ya 19 ilishona mifarishi mingi ya bluu na nyeupe, kwa sababu nili, ile rangi ya bluu itokanayo na mmea, ilivumilia kufuliwa kuliko rangi nyingi za wakati ule. Nili haiogopi sana maji. Inachoogopa ni kusuguliwa, ndiyo maana jinzi mpya hupaka kiti. Lakini bluu nyingi za dukani leo si nili, na kila moja ina tabia yake. Hakuna kitambaa kitakachoingia bila kupimwa.

Ukaguzi wa vitambaa

Poplini ya pamba tupu ndiyo nguzo ya mradi. Imefumwa kwa kubana, inashika mkunjo wa pasi, haifumuki ovyo. Tatizo ni kuipata ya pamba kweli, maana poplini nyingi za Kariakoo ni TC, mchanganyiko wa poliesta na pamba, na neno “kotoni” hutumika kwa zote mbili. Chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. TC hufanya yote mawili kwa pamoja. Hapa TC imekataliwa kwa sababu mbili: ukanda wake mwembamba haulali bapa chini ya pasi, na haurudi, yaani haupungui ukifuliwa, wakati jirani yake wa pamba anarudi, hivyo baada ya kufuliwa mshono unakunjamana.

Kitenge kinaingia, kwa masharti. Kipimo cha moto kinahusu hapa pia, kwa kuwa vitenge vingi vya bei ya chini ni poliesta. Faida ya kitenge kizuri ni kwamba rangi imefika pande zote mbili, kwa hiyo kingo zilizokatwa hazionyeshi weupe. Hasara ni ukubwa wa michoro. Ua la sm 25 likikatwa kuwa kanda za sm 3, ukanda mmoja unatoka bluu iliyokoza, wa pili unatoka karibu mweupe wote, na kitambaa kimoja kinaruka madaraja matatu. Kabla ya kununua, tumia kidirisha: kata tundu la sm 3 kwa sm 20 kwenye kipande cha manila, ulipitishe juu ya kitenge. Kama kinachoonekana ndani ya tundu kinabadilika sana kila unaposogeza, kiache dukani hata kama ni kizuri kikiwa kizima. Michoro iliyofaulu ni ile ambayo mkariri wake, yaani umbali kabla mchoro haujajirudia, hauzidi sm 6, na ile ya mistari ya nyufanyufa iliyosambaa sawasawa.

Kanga ni nyembamba na rangi yake upande wa nyuma ni hafifu. Sehemu inayofaa ni mji peke yake. Pindo lina michoro yenye nguvu mno kwa ukanda mwembamba, na jina likikatwa huacha nusu za herufi zinazovuta jicho. Imechukuliwa kanga moja tu, yenye mji mweupe uliojaa vidoti vya bluu vya ukubwa wa punje ya mtama. Ukiitazama kutoka mita 3 inasomeka kama samawati iliyopauka, na hilo ndilo linalotakiwa.

Mashati ya pamba ya mitumba ndiyo chanzo bora cha bluu nyepesi. Yamekwisha kurudi na kuchuja kabla hayajafika mezani. Mgongo wa shati hutoa kanda fupi, na kwa mradi huu zinatosha kwa kuwa kipande kirefu kuliko vyote cha daraja la kwanza ni sm 28.5. Epuka mabega na sehemu ya chini ya kola: huko jua na jasho vimeshapausha rangi kwa kiasi ambacho mkononi hakionekani, lakini kwenye ukuta wa majaribio, vipande vikibandikwa na kutazamwa kwa mbali, kinaonekana mara moja.

Vilivyokataliwa: kikoi, kwa kuwa mfumo wake ni mlegevu na kingo za ukanda mwembamba hufumuka kabla hazijafika kwenye cherehani, na jinzi, kwa unene wake panapokutana mishono. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, walishona mifarishi ya kupendeza mno kwa nguo za kazi, jinzi ikiwemo, lakini kwa mapande makubwa. Kitambaa kinene kinataka kipande kikubwa.

Kufua na kupima uchujaji

Kila kitambaa kimefuliwa kabla ya kukatwa, kwa maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Kufua huku kunafanya kazi tatu: kuondoa dawa ya kiwandani inayofanya kitenge na kanga vionekane vinene kuliko vilivyo, kukirudisha kitambaa kadiri kitakavyorudi, na kufichua kinachochuja.

Kipimo cha uchujaji: kata kipande cha sm 10 kwa 10, kitie kwenye glasi ya maji ya moto yenye tone la sabuni, kiache nusu saa. Kitoe kikiwa kimelowa, kilaze juu ya marekani (kitambaa tupu cha pamba) nyeupe iliyofuliwa, kiwekee kitu kizito mpaka kikauke. Maji kubadilika rangi si hukumu. Rangi ya ziada huelea tu majini ikatoka. Hukumu ni alama kwenye marekani, kwa kuwa ndiyo picha ya kitakachotokea pale samawati itakapokaa bega kwa bega na bluu iliyokoza.

Kaniki iliacha alama kila ilipopimwa, hata baada ya kufuliwa tena na tena, na hapo ikaondolewa. Inasikitisha, kwa sababu hakuna kitambaa kingine kinachofikia kina chake. Nafasi yake imechukuliwa na poplini ya bluu iliyokoza sana, isiyo na mchoro.

Siki na chumvi hazizuii kitambaa cha pamba cha dukani kuchuja. Ushauri huo umeenea sana na umeharibu kazi nyingi: mtu hulowesha, huona maji ya mwisho ni safi, hushona, kisha ufuaji wa kwanza wa mfarishi mzima unapaka samawati yote. Kitambaa kinachoendelea kuacha alama ama kitiwe dawa maalumu ya kushikisha rangi ya nguo, ama kiachwe.

Kupanga madaraja

Kazi hii imefanywa nje, kivulini, saa nne asubuhi. Taa za dukani hudanganya: bluu mbili zinazofanana chini ya taa hutengana juani, moja ikielekea kijani na nyingine zambarau. Katika mfarishi wa rangi moja mwelekeo huo una uzito mkubwa. Bluu zote za mradi huu zinaelekea zambarau kidogo. Zilizoelekea kijani zimewekwa kando, hata zile ambazo ukolevu wake ulifaa, kwani moja tu ikiingia katikati ya nyingine inaonekana kama kiraka kilichoongezwa baadaye.

Kila kitambaa kilikunjwa mraba mdogo, vikapangwa mstari, vikapigwa picha kwa simu na picha ikageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Picha hiyo haidanganywi na mng'ao. Bluu ile kali ya sare, ambayo macho huiweka pamoja na nyepesi kwa sababu inang'aa, kwenye picha ilitua katikati ya mstari. Kitenge kimoja kilichodhaniwa kimekoza kilipanda daraja zima kwa sababu ya vidoti vyake vyeupe.

Madaraja yaliyopatikana ni sita:

Daraja la 1: kanga ya vidoti, shati la mistari myembamba, poplini ya samawati iliyopauka.
Daraja la 2: poplini ya mashati ya shule na shati moja la mitumba lisilo na mchoro.
Daraja la 3: poplini kali ya sare.
Daraja la 4: vitenge viwili vya mchoro mdogo.
Daraja la 5: vitenge viwili, na poplini moja tupu ya kupumzisha jicho.
Daraja la 6: poplini iliyokoza sana.

Jumla ni vitambaa kumi na viwili. Kuongeza zaidi kunawezekana, lakini kila kinachoongezwa lazima kiwe ndani ya daraja, kamwe si kati ya madaraja mawili.

Jambo moja linafaa kuangaliwa hapa: uwiano wa tupu na mchoro. Mfarishi wa rangi moja wenye vitambaa vitupu pekee huonekana bapa, na ule wa michoro mitupu hauna mstari unaoonekana. Ndiyo maana daraja la 6, linalochora kingo zote, ni tupu kabisa, na michoro imeachiwa madaraja ya 1, 4 na 5.

Kuchagua mpangilio

Kwa madaraja haya umechaguliwa mtindo wa nyumba ya magogo: kitovu cha mraba, kimezungukwa na kanda, pande mbili zinazopakana zikiwa nyepesi na mbili zikiwa zimekoza. Bloku, yaani mraba mmoja kamili wa kanda hizo, inagawanyika mshazari kwa ukolevu, si kwa rangi, na huo ndio ufaafu wake kwa kazi hii. Nyota na maua ya petali yaliangaliwa pia. Yanataka madaraja mawili tu yenye pengo kubwa, na yangeacha utajiri wa kati bila kazi.

Bloku za majaribio zilishonwa kwa mifuatano miwili. Katika mfuatano wa kwanza, upande mwepesi ulianza na daraja la 3 karibu na kitovu na upande uliokoza ukaanza na la 4. Mstari wa mshazari ukapotea kabisa katikati ya bloku, ukajitokeza pembeni tu. Sababu iko wazi: madaraja yanayofuatana hayatengani yakikutana kwenye ukanda wa sm 3. Mfuatano wa pili uliweka sharti kwamba kwenye mshazari wasikutane majirani:

Mzunguko wa 1: daraja la 2 dhidi ya la 4.
Mzunguko wa 2: la 2 dhidi ya la 5.
Mzunguko wa 3: la 1 dhidi ya la 5.
Mzunguko wa 4: la 1 dhidi ya la 6.

Daraja la 3 likahamia kwenye kitovu peke yake. Huko linatosha kuonekana kwa ukali wake bila kushindana na upande wowote. Mfuatano huu ndio uliopitishwa.

Upangaji wa bloku: matuta ya shamba, yaani mistari ya mshazari ya mwanga na giza inayokatiza mfarishi mzima. Mpangilio wa miraba ya hanamu inayopanuka kutoka katikati unavutia zaidi, lakini unataka idadi ya bloku inayogawanyika kwa mbili upande wa urefu na wa upana. Hapa ni bloku 6 kwa 7, kwa hiyo katikati yake ingeangukia ndani ya bloku na kila kitu kingeonekana kimesogea. Matuta hayana shida hiyo.

Hesabu ya kukata

Kila ukanda uliokamilika ni sm 3, nafasi ya mshono ni sm 0.75 kila upande, hivyo hukatwa sm 4.5. Kitovu kilichokamilika ni sm 6, hukatwa sm 7.5. Mizunguko minne inatoa bloku ya sm 30. Bloku 42 ni sm 180 kwa 210, na pindo la sm 12 kila upande linafikisha kipimo cha mwisho.

Urefu wa vipande kwa bloku moja, kwa sentimita:

Daraja la 2: 7.5, 10.5, 13.5, 16.5
Daraja la 1: 19.5, 22.5, 25.5, 28.5
Daraja la 4: 10.5, 13.5
Daraja la 5: 16.5, 19.5, 22.5, 25.5
Daraja la 6: 28.5, 31.5

Kitambaa cha upana wa sm 110 kinabaki na sm 108 ukishaondoa kingo. Vipande vya daraja la 1 vina jumla ya sm 96, kwa hiyo ukanda mmoja wa upana mzima ni bloku moja, na kanda 42 zinakula sm 189. Daraja la 2 hutoa bloku mbili kwa ukanda: kanda 21, sm 95. Daraja la 4 bloku nne kwa ukanda: kanda 11, sm 50. Daraja la 5 bloku moja kwa ukanda: sm 189. Daraja la 6 vipande vitatu kwa ukanda: kanda 28, sm 126. Vitovu vyote 42 vinatoka kwenye sm 23 za daraja la 3. Mashati ya mitumba hayana upana huo, kwa hiyo vipande vyake vinahesabiwa kimoja kimoja.

Ununuzi umeongezwa kwa ajili ya kurudi na kunyoosha: mita 2.1 za daraja la 1 zikigawanywa kwa vitambaa vitatu, mita 1.1 za la 2, nusu mita ya la 3, sm 60 za la 4, mita 2.1 za la 5. Daraja la 6 ni mita 3.7, kwa sababu linabeba pia pindo na utepe wa kufunga kingo. Kanda nne za pindo, zenye upana wa sm 13.5, zikatwe kwa kufuata mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), si mshindio (nyuzi za upana). Mtande hauvutiki, na pindo lisilovutika huzuia kingo za mfarishi zisitepete. Utepe wa kingo ni kanda tano za sm 6, nazo zinatoka upana unaobaki pembeni mwa pindo.

Usichane kitambaa kwa mkono. Kuchana hufuata uzi vizuri, lakini huvuta nyuzi za ukingoni, na kwenye ukanda wa sm 4.5 kila ukingo uliovutwa ni sehemu kubwa ya nafasi ya mshono. Rula ndefu, chaki iliyochongwa na mkasi mkali vinatosha.

Kushona bloku

Sindano namba 80/12, mshono wa mm 2, uzi wa bluu ya kati kwa kazi yote. Uzi mweusi huonekana kwenye samawati, na mweupe huchungulia kwenye daraja la 6.

Kosa la mm 1 kwenye mshono linaonekana dogo mpaka ulipigie hesabu. Bloku ina mishono 8 kutoka ukingo hadi ukingo, na kila mshono unakula pande mbili. Mm 1 ya ziada kila upande inapunguza bloku kwa mm 16, na bloku 6 kwa upana zinapoteza karibu sm 10. Kipande cha manila kimebandikwa kwenye sahani ya cherehani, sm 0.75 kutoka sindano, na kitambaa kinapita kikikigusa. Kila mzunguko ukiisha, bloku inapimwa kabla ya kushona: sm 13.5, 19.5, 25.5, kisha 31.5.

Pasi inashushwa na kuinuliwa, haiburutwi. Kuburuta huvuta kanda zikapinda. Nafasi zote za mshono zinalazwa kuelekea nje. Hapo linatokea tatizo la rangi moja lenyewe: mwisho wa ukanda wa daraja la 5 unaoingia chini ya ukanda wa daraja la 1 unaonekana kwa juu kama kivuli, hasa chini ya kanga. Punguza nafasi ya mshono ya kile kilichokoza kwa mm 2, ili kilicho chepesi kiifunike. Pale kanga inapopita juu ya daraja la 5, kupunguza pekee hakutoshi. Kipande cha marekani nyembamba, kilichofuliwa, kimeshonwa pamoja nayo kwa chini.

Hali: bloku zote 42 zimeshonwa. Chache zilizotoka chini ya sm 31.2 zinafumuliwa mzunguko wa mwisho. Kuzinyoosha kwa pasi ya mvuke si dawa, maana zitarudi kwenye ufuaji wa kwanza.

Tabaka la kati na mgongo

Poliesta ya roli, ile wanayotumia mafundi wa makoti, ni rahisi kupatikana na ni nyepesi, lakini imekataliwa. Nyuzi zake hupenya kitambaa na kutokea juu kama vinyweleo vyeupe. Kwenye mfarishi wa rangi hafifu havionekani. Kwenye bluu iliyokoza vinaonekana kama vumbi lisilopanguswa, na kuvivuta kunavuta vingine. Badala yake yamechukuliwa mablanketi membamba mawili ya pamba tupu, yakafuliwa kwa maji ya moto na kuunganishwa ukingo kwa ukingo, bila kupandana, kwa mshono wa zigizaga. Kwa joto la Dar es Salaam unene huo unatosha mwaka mzima.

Mgongo, yaani kitambaa cha upande wa chini, ni poplini ya daraja la 4, upana wa inchi 60: vipande viwili vya mita 2.3 vimeunganishwa ubavu kwa ubavu na kupunguzwa, ili kupata sm 224 kwa 254. Sm 10 za ziada kila upande si anasa. Tabaka tatu zikipigwa mishono, mgongo hujivuta ndani.

Tabaka zitatandazwa sakafuni, mgongo ukiwa umekazwa kwa utepe wa gundi bila kuvutwa, kisha zitapigwa bandi kila sm 10 kuanzia katikati kwenda nje. Mishono ya kudumu itapigwa kwa mkono, ya mshazari, ikifuata mpaka wa matuta na katikati ya kila tuta, takribani sm 10.6 kati ya mstari na mstari. Uzi wake ni wa daraja la 4: juu ya kanda zilizokoza utazama, juu ya nyepesi utaonekana, na mstari uleule utabadilika kila unapovuka tuta.

Zimebaki: kuunganisha safu saba za bloku, pindo, bandi, mishono ya mkono na utepe wa kingo. Safu zitapigwa pasi kwa kupishana, moja kushoto na inayofuata kulia, ili mishono ikae bapa zinapokutana. Kabla ya kushona safu yoyote, bloku zote zitapangwa sakafuni na kupigwa picha nyeusi na nyeupe mara nyingine, kwa sababu bloku moja iliyogeuzwa vibaya kwenye matuta ya bluu ni rahisi kupita bila kuonwa.